BMX za zamani zilikuwa zinavunjika, tena sana

Naomba tulimalize hili leo. Kila fremu ya BMX, zile baiskeli ndogo za mbio za udongo na za kuchezea mitindo, ya miaka ya 1970 au 1980 ikipanda kwenye stendi yangu, lazima atokee mtu aigonge kwa vidole, asikilize inavyolia, kisha atoe hukumu: "Hiki ndicho chuma. Hizi hazikuwa zinavunjika. Za siku hizi ni makaratasi." Ya kale ni dhahabu, sawa. Kazi yangu ni kuzifufua baiskeli hizo na nazipenda kupita kiasi. Lakini zilivunjika, zikapinda, zikapasuka, na kama zisingevunjika huu mchezo usingefika popote.

Anza na Schwinn Sting-Ray ya 1963. Al Fritz wa Schwinn, kule Chicago, alikuwa amesikia kwamba vijana wa California wanafunga usukani mrefu kwenye baiskeli ndogo, akawatengenezea iliyo tayari: magurudumu ya inchi 20, siti ndefu mfano wa ndizi, usukani uliopanda juu. Fremu yake ilikuwa chuma laini cha kawaida, kranki (mikono ya pedali) kipande kimoja. Ilikuwa baiskeli ya kuzungukia mtaani. Hakuna aliyeipigia hesabu ya kuruka vichuguu. Watoto wa kusini mwa California ndio waliotaka kufanana na waendesha pikipiki za motokrosi, wakaipeleka kwenye udongo. Mwaka 1970 Scot Breithaupt, mvulana wa miaka 13 wa Long Beach, akaanza kuandaa mbio kwenye kiwanja kitupu. Hapo ndipo vyuma vilipoanza kulia. Uma wa mbele ulirudi nyuma, spoku zilikatika, ringi ikageuka yai.

Sasa huyo anayegonga fremu yangu ananiuliza: mbona hizi tunazoziona bado nzima? Jibu liko kwenye swali lenyewe. Tunaziona kwa sababu ni nzima! Zilizokatika zilikwenda na chuma chakavu zaidi ya miaka 40 iliyopita, hakuna aliyezihifadhi sebuleni. Na nyingi ya hizi zilizobaki ni za watoto waliokua haraka, au walionunuliwa wakaogopa kuruka, baiskeli ikalala gereji. Ukinionyesha fremu ya 1978 isiyo na mkwaruzo, umenionyesha fremu ambayo haikukimbizwa. Uimara wake haujathibitishwa na lolote. Jambo hili huwa nalirudia mpaka sauti inakauka na bado mtu ananijibu, "Lakini fundi, mbona hii ipo?"

Tuendelee. Skip Hess alianzisha BMX Products huko Simi Valley mwaka 1974, kampuni iliyokuja kujulikana zaidi kwa jina la Mongoose. Bidhaa iliyomtoa ilikuwa gurudumu, fremu zikafuata baadaye. Motomag lilikuwa gurudumu la kumimina kwenye kalibu, mikono minene badala ya spoku, kwa sababu magurudumu ya spoku yalikuwa yanafia chini ya watoto. Skyway nao wakaja na Tuff Wheel ya nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo. Nikiri kitu ambacho wakusanyaji hawapendi kukisikia: sina hakika kwamba magurudumu hayo yaliushinda ufundi mzuri wa spoku. Yalishinda spoku mbovu zilizofungwa ovyo kiwandani. Gurudumu la spoku 36 lililokazwa na mtu anayejua kazi, juu ya ringi nzuri ya alumini, ni jepesi na likipinda unalinyoosha. Gurudumu la kumimina likipinda, limepinda. Ndiyo maana leo karibu BMX zote za ushindani zimerudi kwenye spoku.

Kwa maoni yangu mtu aliyebadilisha zaidi ni Linn Kastan wa Redline. Alikuwa anatengeneza fremu za pikipiki, akaleta ujuzi ule ule kwenye uma wa baiskeli mwaka 1974: mabomba ya kromoli (chuma nitakachokieleza hapo chini) yaliyochomelewa, badala ya zile bapa zilizokandamizwa ambazo mtoto mmoja mzito alizimaliza Jumamosi moja. Baadaye Redline wakatoa kranki za Flight, mikono miwili ya bomba la kromoli na ekseli yake peke yake, vipande vitatu. Angalia kranki ya BMX yoyote nzuri leo. Mpango ni ule ule.

Na hapa kwenye kromoli naomba nisimame, maana ndipo upotoshaji ulipojaa. Kromoli ni chuma chenye kromiamu na molibdenamu kidogo. Aina inayotumika kwenye baiskeli huitwa 4130. Si kweli kwamba kinanesa kidogo kuliko chuma cha kawaida. Chukua mabomba mawili ya kipimo kimoja, unene mmoja, moja kromoli na jingine chuma laini, yabonyeze kwa nguvu ile ile: yatanesa karibu sawasawa. Tofauti ni pale unapoongeza nguvu. Chuma laini kitapinda na kubaki kimepinda, kromoli itarudi ilipokuwa. Kwa hiyo fundi anaweza kutumia bomba lenye ukuta mwembamba na fremu ikawa nyepesi bila kufa mapema. Wembamba ule mnaouita "karatasi" ndio ufundi wenyewe. Uzito mkubwa wa fremu ya zamani mara nyingi ni ushahidi kwamba chuma chake kilikuwa duni, ikabidi kiwe kinene.

Na tafadhali, zirudisheni mfukoni sumaku mnazotumia kutambua kromoli. Sumaku inashika kromoli na inashika chuma laini vilevile. Itakachokwambia ni kama fremu ni alumini, basi. Mng'ao wa krome nao hausemi chochote, kwa sababu krome inapakwa juu ya chuma cha aina yoyote.

Tukigusa alumini, ipo PK Ripper ya SE Racing, kampuni ya huyo huyo Breithaupt, iliyopewa herufi za mwendeshaji Perry Kramer. Mabomba yake ya ubapa unaitambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwa nadharia alumini huchoka kidogo kidogo hata kwa mizigo midogo, na ningetegemea nyingi ziwe zimepasuka. Zilizopita mikononi mwangu zimekuwa nzima kuliko nilivyotarajia, hata zile zenye makovu ya kazi kweli, na hili halikai vizuri na maelezo yangu ya hapo juu. Nadhani upana wa mabomba yale uliokoa mengi. Leo fremu za mbio ni alumini au kaboni, na za mitindo, yaani michezo ya kuruka na kuzungusha baiskeli, bado ni kromoli. Mbio ziliingia Olimpiki Beijing mwaka 2008, mitindo ikafuata Tokyo mwaka 2021, na kila upande unabeba damu ya baiskeli niliyoitaja.

Mitindo yenyewe ilipata fremu yake Bob Haro alipotoa Haro Freestyler mwaka 1982. Kabla ya hapo watu walichezea fremu za mbio. Kisha Brian Scura akabuni kifaa kiitwacho Gyro, na usukani ukazunguka bila kunyonga waya wa breki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mat Hoffman, mwendeshaji wa mitindo aliyechoka kuvunja fremu za wengine, akaanza kutengeneza zake.

Ukitaka kununua ya zamani, acha kuigonga. Pitisha kidole gumba chini ya bomba la chini, pale nyuma tu ya shingo ya usukani. Ukisikia uvimbe mdogo kama wimbi, fremu hiyo iligonga kitu na uma ukaisukuma. Kisha chukua tochi na kitambaa, futa mwisho wa mshono wa kuchomelea, utafute mstari wa kahawia mwembamba. Huo ni ufa.

Pima ringi pia. Tairi ya 20 x 1.75 na ile ya 20 x 1 3/4 hazilingani, japo hesabu ya shuleni inasema ni kitu kimoja. Ya kwanza inakaa kwenye ringi ya milimita 406, ya pili kwenye ringi ya 419 ambayo Schwinn walifunga kwenye baadhi ya Sting-Ray. Ni tofauti ya milimita 13, na hakuna chuma cha kupandishia tairi wala sabuni itakayoipandisha. Soma maandishi ya ubavuni kabla hujatoa hela.