Namba 23 uwanja wa ndege Dar haihesabu njia za kurukia

Wengi Dar es Salaam wakisikia "ndege imetua 23" huelewa kwamba uwanja wetu wa kimataifa una njia za kurukia zisizopungua ishirini na tatu. Wengine huichukulia kama namba ya geti. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana namba mjini huhesabu vitu: nyumba, vyumba, viti.

Hapa namba inaonyesha mwelekeo. Nyuzi za dira hukadiriwa kwenye kumi iliyo karibu, kisha sifuri ya mwisho huondolewa: nyuzi 230 inakuwa 23. Ukiitazama njia ileile kutoka upande wa pili unapata nyuzi 50, yaani 05. Kwa hiyo 05/23 ni njia moja tu, ya lami, yenye urefu wa takriban mita 3,000. Ipo na nyingine fupi, 14/32.

Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Kaskazi ikivuma, nyingi hutua 05 zikitokea upande wa Pugu na Gongo la Mboto. Upepo ukigeuka, zinapita Vingunguti.

Kuhakiki si kazi. Fungua picha za setilaiti kwenye simu, utaziona namba zimechorwa kwa rangi nyeupe miisho yote miwili. Toa ndogo kwenye kubwa: kila mara utapata 18, yaani nyuzi 180. Namba zenyewe hazidumu milele, kwani kaskazini ya sumaku husogea polepole, na viwanja kadhaa duniani vimelazimika kuzipaka upya.