Jinsi ya kusoma jedwali la CFA linalochapishwa na R

Uchanganuzi wa marudio ya miseto, kwa kifupi CFA (kwa Kiingereza Configural Frequency Analysis), hutafuta mseto wa sifa unaojitokeza mara nyingi mno, au mara chache mno, kuliko ilivyotazamiwa iwapo sifa hizo hazihusiani. Uliasisiwa na mwanasaikolojia Gustav Lienert mwishoni mwa miaka ya 1960.

Chukua mfano wa kubuni. Wakulima 200 wa Masaka, Uganda, wameulizwa: unalima kahawa? Umo kwenye SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo? Unatumia pesa za simu? Ndiyo ni 1, hapana ni 2. Tunapata miseto minane, na kama kila swali limewagawa nusu kwa nusu, kila mseto unatarajiwa kuwa na watu 25.

Pakiti ya cfa kwenye R, programu ya takwimu, huupa kila mseto mstari wake. Safu ya label ni mseto wenyewe, n ni waliohesabiwa, expected ni waliotarajiwa, kisha chisq, yaani kai-mraba, kipimo cha ukubwa wa tofauti kati ya n na expected, na p.chisq, yaani p, uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu. Tuseme mstari wa 1 1 1 una watu 45: tofauti ni 20, mraba wake 400, ukigawa kwa 25 unapata 16. Mstari wa 1 1 2 una watu 10 tu, nao unapata 9. Wa kwanza umezidi, huitwa tipu. Wa pili umepungua, huitwa antitipu.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Kai-mraba haina alama ya kutoa, na kwa kawaida jedwali hupangwa kwa kai-mraba kuanzia kubwa. Miseto iliyozidi na iliyopungua hukaa pamoja juu kabisa, kwa hiyo linganisha n na expected kwanza, ndipo uandike chochote.

Sasa tazama 1 2 1, yenye watu 36. Kai-mraba ni 4.84, p ni 0.028. Inashawishi sana! Lakini tumepima miseto minane kwa mpigo, na kwa marekebisho ya Bonferroni, yanayogawa kikomo cha kawaida cha 0.05 kwa idadi ya vipimo, kikomo ni 0.05 ÷ 8, yaani 0.00625. Safu ya sig.chisq, inayosema kama p imeshuka chini ya kikomo hicho, itaandika FALSE, yaani hapana. Mwanafunzi anayeandika tasnifu asiuite huo ugunduzi, hata p ikiwa chini ya 0.05, na ataje wazi marekebisho aliyotumia.

Matarajio yakishuka chini ya watu 5, kai-mraba yenyewe haiaminiki; hapo tumia kipimo cha binomia, kinachokokotoa uwezekano moja kwa moja bila kupitia kai-mraba.