Mzigo wa paa ni nini hasa, kabla hujachomelea keria ya kubebea kayaki

Huku Tanga mtu akisikia keria, kichwani inamjia ile ya basi la Lushoto, matenga ya kabichi yamepangwa, magunia, godoro katikati, kuku juu ya godoro, na basi linashuka mlima hivyo hivyo. Kwa hiyo akipata kayaki, yaani kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, na ana pikapu yake anaona hamna cha kufikiria, anaenda gereji anamwambia fundi nichomelee keria, fundi anauliza ya kubeba nini, anaambiwa kayaki, kitu chepesi tu, plastiki. Fundi anachomelea, anapaka rangi nyeusi, anapokea hela yake. Hapo hakuna hata mmoja aliyeuliza paa lenyewe limepangiwa kubeba kilo ngapi. Hizo kilo ndo zinaitwa mzigo wa paa.

Mzigo wa paa ni uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji wa gari anakubali ukae juu ya paa wakati gari inatembea. Umeandikwa kwenye kile kitabu cha gari, ambacho wengi wetu tulikikuta kwa Kijapani kikakaa kwenye droo ya dashibodi mpaka mende wakakimaliza. Kwa magari mengi ya kawaida ni kati ya kilo 50 na 100, na 75 utaikuta sana. Usidanganyike na ukubwa wa gari. Pikapu inayobeba tani nzima kwenye bodi inaweza kuwa na paa la kebini lisilotaka hata kilo mia, maana mzigo wa bodi unashukia kwenye chasisi lakini wa paa unakaa kwenye bati na zile nguzo za milango tu.

Na hiyo namba ni ya kila kitu kilichoko juu, keria yenyewe imo. Hapa ndo watu wanapoliwa. Chukua paipu ya skwea ya 40 kwa 40, unene milimita 2, kila mita ina kama kilo 2.4. Keria ya kikapu, ile ya fahari yenye ukingo na sakafu, inakula mita 14 bila shida, yaani karibu kilo 34 kabla hujaweka hata kandambili. Kama paa ni la 75 umebakiwa na 41. Kayaki ya baharini ya mtu mmoja, ya mita 5 hivi, ina kilo kama 25, sawa imeingia, ya pili ushapitiliza. Ungeweka vyuma viwili tu vya kukatiza na miguu yake minne visingefika kilo 12, na kayaki zote mbili zingekaa na chenji ingebaki. Mi kwa kayaki keria ya kikapu naiona ni urembo, inapendeza kwenye picha basi.

Afu namba ziko tatu, siyo moja. Paa lina yake, vyuma vina yake, miguu inayoshika paa ina yake, na unayoifuata ni ile ndogo kuliko zote. Muuzaji atakwambia chuma hiki kinabeba kilo 150 na wala hadanganyi, chuma kinabeba kweli, paa ndo halibebi.

Kuna wa kubisha hapa, atasema mbona watalii wanaweka hema juu ya gari wanapanda mke na mume wanalala na paa halibonyei. Ni kweli, sababu gari imesimama. Ikisimama uzito unashuka chini umetulia na paa linahimili mara kadhaa ya ile namba ya kitabuni. Ikianza kutembea ule uzito unahangaika, ukiingia shimoni unarushwa afu unadondoka, ukishika breki unataka kwenda mbele peke yake, ukikata kona unavuta pembeni, kwa hiyo kilo 50 kwa sekunde moja zinakuwa kama mia na kitu. Ndo maana watengenezaji wengine wa keria wanatoa namba ya pili, ndogo zaidi, ya barabara mbovu. Kwa hizi njia zetu za kuingilia fukwe, makorongo na mizizi ya minazi, isome hiyo, ya lami waachie wa lami.

Ila nikisema ukweli kayaki haisumbui sana kwa uzito, inasumbua kwa upepo. Mtumbwi wa mwembe ungeweza kuuweka juu ya kebini (usijaribu) ungekuua kwa kilo, lakini upepo ungeuangalia tu. Kayaki ni kinyume, nyepesi, ndefu, ina tumbo, na pua imetokeza juu ya boneti, upepo unaingia chini ya pua unainyanyua. Na nguvu ya upepo haipandi sawa na spidi, inapanda kwa mraba wake, ukitoka 50 ukafika 100 spidi imekuwa mara 2 lakini nguvu imekuwa mara 4. Sasa ujumlishe na upepo wenyewe wa pwani. Msimu wa kusi ukitoka Tanga kwenda Pangani unaelekea kusini, yaani unaupokea usoni, mshale unasoma 70 na wewe unajiona muungwana, upepo ukiwa wa 30 kayaki inapigwa na 100. Kurudi ndo unakusukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi inageuka, unaenda kwa raha unarudi kwa deni.

Kwa sababu hiyo umbali kati ya chuma cha mbele na cha nyuma una maana kuliko unene wa chuma. Kayaki ya mita 5 kwenye vyuma vilivyoachana sentimita 70 inabaki na zaidi ya mita 2 zinazoning'inia kila upande, na kila upepo unaposukuma ncha, zile mita 2 zinafanya kazi ya mtaimbo unaong'oa jiwe, jiwe lenyewe ni mguu wa keria yako. Kipimo kizuri ni vyuma viachane kama theluthi ya urefu wa kayaki, kwa hiyo hapo ni mita 1.6 hivi. Na sasa ndo tunafika kwenye tatizo lenyewe la pikapu, maana paa la dabo kebini ukijitahidi unapata mita moja hivi, la singo kebini hata hiyo hulipati.

Akili ya haraka inasema weka chuma kimoja juu ya kebini, kingine kichomelee stendi nyuma ya bodi, umepata mita 2 na zaidi, umemaliza. Mi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa sijui kwamba kebini na bodi ni vitu viwili vinavyokaa juu ya chasisi moja, kebini imekalia raba zake na bodi ina bolti zake, na barabara ikiwa mbovu chasisi inajikunja, kebini inaangalia huku, bodi inaangalia kule. Kaa nyuma ya pikapu yoyote inayovuka korongo kimshazari utaona ule mwanya kati ya kebini na bodi unavyofunguka na kufumba. Sasa kayaki yangu nilikuwa nimeikaza kotekote kama mbuzi wa kafara, ikawa ndo daraja la kuunganisha hao wawili wasioelewana. Siku ya tatu ya kwenda na kurudi vumbini mguu wa mbele umebonyeza ukingo wa paa, na tumbo la kayaki limeingia ndani mahali pa chuma cha nyuma. Fundi sikumlaumu, alichomelea alichoambiwa.

Kwa hiyo kwa pikapu mi nakushauri vyuma vyote viwili vikae kwenye bodi, kwenye fremu moja iliyofungwa kwa bolti kwenye kingo za bodi, imepanda kidogo kupita usawa wa paa, kayaki ipite juu ya kebini bila kuigusa. Acha nafasi ya ngumi mbili hivi kati ya tumbo la kayaki na paa, la sivyo kila korongo zitasalimiana. Bodi ya dabo kebini ina kama mita 1.5 hivyo theluthi yako karibu umeipata, ya singo kebini ni ndefu zaidi, hapo huna shida kabisa. Na faida nyingine, ule mzigo wa paa tulioanza nao unatoka kwenye hesabu, sasa uzito uko kwenye bodi ambako gari ilitengenezwa kubeba, unabaki kuangalia nguvu ya fremu tu na bolti zake. Ubaya ni kwamba fremu inakula nafasi ya bodi, ukitaka kupakia mchanga kesho utaitukana.

Kama lazima iwe juu ya kebini, angalia gari lako linashikwaje. Zile Land Cruiser za zamani zina mfereji wa maji pembeni ya paa, mguu unabana pale pale, hiyo ni neema. Magari mapya hayana, mengine yana matundu maalumu ya bolti yaliyozibwa vifuniko vya plastiki, mengine inabidi mguu ubane kwenye fremu ya mlango. Kutoboa paa mwenyewe kwa drili sikushauri, chumvi ya huku unaijua, tundu la leo ni kutu ya mwezi ujao.

Juu ya vyuma kayaki haikai hivi hivi. Kuna vikalio vyenye umbo la herufi J, kayaki inalala ubavu, unapata nafasi ya kayaki ya pili. Kuna vikalio vipana vya kulaza tumbo. Kama huna hela, sponji ngumu iliyokatwa au hata mkeka uliokunjwa mara nne, na uilaze kifudifudi au ubavu. Plastiki ya kayaki ikipigwa na jua la saa nane inalainika, ukiwa umeikaza sana tumbo linaingia ndani, kwa hiyo ukifika ilegeze, usiiache imekazwa gari imeegeshwa juani mchana kutwa.

Mikanda iwe ya bapa, miwili, mmoja kila chuma, yenye kifungio cha kubana kwa mkono. Ile ya racheti ya malori ni hodari mno, klik mbili za ziada umeshavunja kitu. Usokote mkanda mara moja kabla ya kuufunga, usiponyooka bapa hautaimba kwa upepo njia nzima. Afu pua na mkia vifungwe kamba zake kwenda kwenye bampa au ndoano ya kuvutia gari, hizo ndo zinazozuia ule unyanyuaji wa upepo, na ndo ambazo kila mtu anaziruka. Na hapa nitasema kitu ambacho Mtanga hapaswi kusema: usitumie kamba ya katani. Najua mashamba tunayo, lakini katani ikilowa inajikaza na ikikauka inalegea, umefunga asubuhi na umande, saa nne jua limewaka kamba inacheza. Ya nailoni nayo ikilowa inavutika. Tumia ya polyester, hiyo haibadiliki sana. Mkia ukitokeza sana nyuma funga kitambaa chekundu, bodaboda wanakuja na spidi na macho yao yako kwenye simu.

Ukitoka mjini usisubiri kufika Pangani ndo uangalie. Simama Tongoni, shuka, shika pua ya kayaki uitikise kwa nguvu. Ikitikisika pamoja na gari nzima, panda muendelee. Ikitikisika yenyewe, kaza, na uangalie ule mguu wa mbele kwanza.