Kabla Fundi Hajaanza Kukwangua Rangi ya Zamani

Ukuta uliopakwa rangi yenye madini ya risasi unaweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru mtu, mradi rangi ni nzima na imeshika vizuri. Siku unapoguswa kwa msasa, mambo hubadilika. Rangi ikikwanguliwa au kutobolewa hutoa vumbi laini mno, na vumbi hilo ndilo linaloingia mwilini. Ndiyo maana sisi wa afya ya mazingira tunasisitiza kwamba mkazi apewe taarifa kabla kazi haijaanza. Akiambiwa vumbi likiwa tayari limetanda kwenye godoro la mtoto, amecheleweshwa.

Risasi ilitiwa kwenye rangi ili ikauke haraka, idumu na istahimili unyevu. Ilitumika kwenye rangi nyeupe, ya manjano, na ile nyekundu ya kuzuia kutu kwenye vyuma. Madhara yake hayakugunduliwa jana. Mwaka 1904, daktari J. Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, alieleza kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walipata sumu kutokana na rangi ya kuta na ya vizuizi vya baraza. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Zipo nchi ambazo hadi leo hazina sheria inayobana kiasi cha risasi kwenye rangi, kwa hiyo nyumba kuwa mpya si hakikisho.

Chukua mfano wa dirisha la mbao la zamani. Kila likifunguliwa na kufungwa, mbao husuguana na rangi husagika kidogo kidogo. Pitisha kidole kwenye kizingiti chake cha chini, utakuta unga mkavu kwenye pembe. Mtoto anayejifunza kusimama hushika hapo hapo, kisha anatia vidole mdomoni. Hahitaji kula vipande vya rangi ili adhurike. Sasa fundi akija kulipiga dirisha hilo msasa mkavu, unga wa miaka yote hiyo na zaidi hutolewa kwa asubuhi moja.

Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mama akipata ujauzito, sehemu yake hutoka kwenye mifupa na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Linaloniumiza zaidi ni kwamba mtoto anaweza kuonekana mzima, anakula na kucheza, huku uwezo wake wa kujifunza na kutulia ukipungua. Dawa za kuondoa risasi mwilini hutumika pale kiwango kinapokuwa juu sana, na hazirudishi kilichokwisha haribika kwenye ubongo. Watu wazima nao hupandishwa shinikizo la damu na kuumizwa figo.

Marekani, tangu mwaka 2010, fundi anayelipwa kukarabati nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 hutakiwa awe amepata mafunzo na kibali, na awape wakazi kijitabu cha tahadhari kabla ya kugusa rangi. Hata pale ambapo sheria hailazimishi hivyo, mkazi, awe mwenye nyumba au mpangaji, ana haki ya kuuliza. Je, rangi hii imepimwa? Maabara hupima kipande chenye tabaka zote mpaka kwenye mbao, maana risasi mara nyingi imejificha chini ya rangi mpya. Kama haijapimwa, ichukulieni kuwa ina risasi. Swali la pili: vumbi utalizuia vipi? Fundi akikujibu kwamba atatumia grenda kavu au atachoma rangi kwa moto, tafuta mwingine.

Fundi anayejua kazi hutoa vyombo chumbani, hutandika nailoni nzito na kuibana kwa tepu hadi ukutani, huziba mlango, na hulowesha rangi kabla ya kukwangua. Watoto na wajawazito walale kwingine mpaka usafi umalizike. Ufagio usitumike kabisa, kwa kuwa hurusha vumbi upya. Mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi nayo hulitema upande wa pili; inayofaa ni yenye chujio la HEPA, yaani linalonasa hata vumbi laini mno, kisha sakafu ipigwe deki kwa maji yenye sabuni na maji ya kusuuzia yabadilishwe mara kwa mara. Na wewe fundi, barakoa ya kitambaa haikukingi, na nguo zako za kazi usiingie nazo nyumbani kwako. Wanao nao watakukumbatia.

Kama ukarabati ulishafanyika bila tahadhari na mtoto alikuwepo, usisubiri dalili. Mpeleke akapimwe damu. Kipimo cha kutoboa kidole kikionyesha risasi, kirudiwe kwa damu ya mshipa, kwa sababu vumbi lililoganda kwenye ngozi ya kidole linaweza kupandisha majibu.