Mtoto anaposema "yangu ni kidogo"

Nafanya kazi na watoto wa chekechea na wazazi wao, na ugomvi wa juisi nausikia karibu kila nyumba. Mzazi kagawa sawasawa, mmoja kapokea kwa furaha, mwenzake kaangua kilio. Kisha naambiwa, "Mwalimu, huyu wangu ana choyo."

Tuutazame ugomvi wenyewe. Ni magharibi, mwezi wa Ramadhani, bibi anamimina juisi ya ukwaju. Bilauri imebaki moja, ndefu na nyembamba. Anapewa kaka mtu. Mdogo wake wa miaka 4 anapata kikombe kipana cha chai. Bibi kapima kwa upawa uleule, tena mbele yao. Mtoto anatazama huku na huku, midomo inamtetemeka: "Bibi, yangu ni kidogo!"

"Mume wangu, mbona ni sawa? Acha ulafi."

Si ulafi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi 1896–1980, alijifunza mengi kuhusu akili ya mtoto kwa kuwatazama wanawe watatu nyumbani. Jaribio lake moja linafanana kabisa na futari hii: maji yanahamishwa kutoka chombo kipana hadi chembamba, mtoto akiona. Mtoto wa miaka 4 au 5 kwa kawaida husema sasa maji yamezidi, ingawa halikuongezwa hata tone. Anashika kimo tu. Upana bado hauingii kwenye hesabu yake. Wengi huanza kulielewa hilo karibu na miaka 7. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba swali likiulizwa kwa namna nyingine, wapo wanaoelewa mapema.

Kwa hiyo yule mtoto anasema kweli. Kwa macho yake kaonewa, na juu ya hayo kapewa jina baya. Hilo jina ndilo linaloniuma. Juisi ataisahau kesho, lakini anayeitwa mlafi kila jioni mwishowe hulizoea.

Vyombo vinavyofanana vikiwepo, tumia hivyo. Visipokuwepo, mwache amimine mwenyewe, kutoka kikombe kwenda bilauri na kurudi, hata kama mkeka utalowa kidogo. Usimshindilie maelezo, maana hatabadili mawazo jioni hiyo. Mikono yake inazoea vipimo, naye anajua kasikilizwa. Kisha mwulize kaka mtu anaonaje. Akiwa na miaka 8 hivi, huenda akajibu bila kufikiri sana: "Yangu ndefu, yake pana."

Mbinu moja siipendi: kukata kipande cha mtoto mara mbili ili adhani kaongezewa. Najua inamnyamazisha, na najua mama kachoka. Lakini ni kumhadaa mtoto kwa kitu ambacho bado hana uwezo wa kukiona. Mkate wa kumimina ukiletwa, afadhali mkubwa akate na mdogo achague kwanza. Mkubwa atapima sana kabla ya kushusha kisu, na mdogo akichukua chake, hata kama kachagua kilicho kirefu tu, kakichagua mwenyewe.