Sumaku haiburuti dawa mwilini

Wengi hudhani ukichomwa sindano ya chembe za sumaku, yaani vipande vidogo mno vya chuma vinavyobebeshwa dawa, daktari huweka sumaku juu ya ngozi na kuziburuta mpaka kwenye uvimbe. Sivyo. Kinachozibeba ni damu. Jaribu sumaku ya mlango wa friji: pini iliyo karibu inarukia, isogeze upana wa vidole vitatu, haitikisiki. Ndani ya mwili pana nyama, tena damu inakimbia.

Chembe nyingi huishia kwenye ini na wengu, ambako seli walinzi huzimeza kama takataka. Chuma chake huingia akiba, baadaye kikatengeneza damu mpya. Ndiyo maana ferumoksitoli, dawa ya sindano yenye chembe hizo za chuma, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, hutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, bila sumaku yoyote.