Maziwa hayaondoi sumu ya zebaki

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu, kuanzia Geita hadi Chunya, wengi huamini kwamba ukinywa maziwa baada ya kuchoma dhahabu, sumu ya zebaki, ile metali ya majimaji inayotumika kunasa dhahabu, inatoka. Haitoki. Maziwa yanakwenda tumboni. Zebaki imeingia kwa pua.

Lile donge la kijivu la dhahabu na zebaki linalokamuliwa kwenye kitambaa huwa na zebaki karibu nusu ya uzito wake. Likipata moto, zebaki hiyo hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Mapafu hunyonya takriban asilimia 80 ya mvuke uliovutwa, kisha damu huufikisha kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hasira huja bila sababu.

Kitambaa puani hakizuii mvuke. Kinachosaidia ni retoti: chungu cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba linalopozwa kwa maji, zebaki ikadondokea kwenye kopo. Ncha ya bomba isizame majini, kwani chungu kikipoa huyafyonza na kinaweza kupasuka. Na hata ukiwa nayo, chomea nje, mbali na nyumba. Jikoni kamwe: mvuke hushika kuta na matandiko, na watoto huendelea kuuvuta dhahabu ikiwa imeshauzwa.